JUA NI LA WOTE, LAKINI MITA NI YA NANI?



Habari ya magari ya stima si hadithi ya ng'ambo tena. Imefika katika kila steji ya Nairobi, kuanzia katikati ya mji mpaka hapa kwetu Karen. Wako wanaoisifu, wako wanaoicheka, na wako wanaoiogopa kwa ajili ya kazi zao. Na juu ya habari hiyo imezuka nyingine: ya kwamba magari yatapata nguvu kutoka kwa jua, tena bila waya wo wote. Dereva atasimamisha gari juu ya kibao kilichozikwa ardhini, na wakati yeye anakunywa chai yake, betri itakuwa inajaa.

Chama cha wafanya kazi hakiwezi kunyamaza juu ya jambo hili na kuwaachia wenye kampuni walizungumze peke yao. Sisi ndio tunaoendesha magari hayo, tunaoyatengeneza, tunaoyalinda usiku, na tunaolipa nauli kila asubuhi. Kwa hiyo nataka kusema neno moja, nalo ni hili: jua halina mwenyewe, lakini kila kitu kinachosimama kati ya jua na gurudumu kina mwenyewe. Paneli ina mwenyewe. Betri ina mwenyewe. Mita ina mwenyewe. Kibao cha kuchajia kina mwenyewe, na kiwanja kilipowekwa kina mwenyewe. Ikiwa wafanya kazi hatutakuwa miongoni mwa wenyewe hao tangu mwanzo, tutakuwa tumebadilisha petroli kwa stima, na umaskini wetu utabaki ule ule.

MAMBO YALIYOKWISHA KUFANYIKA

Kwanza yafaa tufahamu tulipofika. Mwaka 2018 teksi za stima zilianza kazi Nairobi chini ya jina la Nopia Ride, zikitumia motokaa za Nissan Leaf. Mwezi wa Machi 2022 kampuni ya BasiGo ilitoa mabasi yake ya kwanza ya stima kwa majaribio, yakaendeshwa na Citi Hoppa na East Shuttle. Kampuni ya Roam ina kiwanda cha pikipiki za stima hapa Nairobi, katika Barabara ya Mombasa. Mwezi wa Agosti 2023 Uber nayo ilianza bodaboda za stima katika mji huu.

Serikali nayo haikulala. Mwaka 2023 E.P.R.A., ndiyo mamlaka inayosimamia nishati na petroli, ilipitisha bei ya pekee ya stima ya kuchaji magari: shs. 16/- kwa yuniti wakati wa kawaida, na shs. 8/- usiku wakati stima haitumiki sana, kabla ya kodi na ada nyingine. Na stima yetu wenyewe haitokani sana na mafuta. Sehemu kubwa hutoka katika mvuke wa ardhini kule Olkaria, katika maji ya mito, katika upepo wa Turkana na wa milima ya Ngong tunayoiona kutoka hapa Karen, na katika jua la Garissa, ambako mitambo ya karibu megawati 50 ilifunguliwa mwaka 2019.

Hata kukusanya jua mjini si jambo geni. Ofisi za Umoja wa Mataifa Gigiri ziliwekewa paneli juu ya paa mwaka 2011. Chuo Kikuu cha Strathmore kilifuata mwaka 2014. Mwaka 2015 duka kubwa la Garden City katika Barabara ya Thika lilifunika maegesho yake ya motokaa kwa paneli za kilowati 858, zikitoa stima na kivuli kwa wakati mmoja. Na hapa Karen, tembea njia ye yote uchungulie juu ya malango: paa baada ya paa ina paneli zake.

Lakini chini ya paa hizo kuna nani? Kuna mpishi, kuna mtunza bustani, kuna yaya, kuna askari wa lango. Hao huja kutoka Kuwinda, Kibera, Kawangware, Dagoretti na Ngong, wengine kwa miguu, wengine kwa matatu ya 24 au ya 111, na wengine kwa bodaboda. Jua linalowaka juu ya paa ya tajiri ndilo hilo hilo linalomchoma mwenye pikipiki pale steji. Tofauti ni kwamba mmoja analo mahali pa kulikusanyia na mwingine hana.

STIMA HUPITAJE BILA WAYA?

Wengine hudhani kuchaji bila waya ni uchawi. Siyo. Kila mmoja wetu ameona transfoma juu ya nguzo ya Kenya Power. Ndani yake mna nyaya mbili za shaba zilizozungushwa mara nyingi, na nyaya hizo hazigusani. Hata hivyo stima inayoingia katika waya wa kwanza huleta nguvu za sumaku, na sumaku hiyo inapobadilika-badilika huzaa stima katika waya wa pili. Mwingereza Michael Faraday alilionyesha jambo hili mwaka 1831.

Kuchaji gari bila waya ni transfoma iliyokatwa vipande viwili. Kipande kimoja kimezikwa ardhini, na cha pili kimefungwa chini ya tumbo la gari. Kati yao pana nafasi ya hewa ya sentimita kama 10 mpaka 25. Stima ya kipande cha chini huenda na kurudi mara 85,000 hivi kwa kila sekunde ili nguvu ziweze kuvuka nafasi hiyo. Gari lisiposimama sawasawa juu ya kibao, nguvu nyingi hupotea. Na hata likisimama vizuri, karibu sehemu moja katika kumi, pengine zaidi, huweza kupotea njiani kabla ya kufika katika betri.

Wenzetu wa nchi nyingine wamekwisha kujaribu. Katika mji wa Gumi, Korea Kusini, mwaka 2013 mabasi mawili yalianza kuchaji yakiwa yanatembea, kwa vipande vya waya vilivyozikwa chini ya njia. Katika Milton Keynes, Uingereza, tangu mwaka 2014 mabasi manane yalikuwa yakisimama juu ya kibao mwisho wa safari kwa muda wa dakika kama kumi, kisha yakaendelea na kazi. Uswidi walizika nyaya katika kipande cha barabara cha kilomita moja na nusu hivi katika kisiwa cha Gotland. Marekani walifungua robo maili mjini Detroit mwezi wa Novemba 2023.

Tusisahau na walioshindwa, maana kushindwa kwao ni shule kwetu. Mwaka 2016 Wafaransa walitandika paneli za sola juu ya barabara yenyewe, urefu wa kilomita moja, kule Tourouvre-au-Perche. Matrekta na malori yalizivunja, majani ya miti yakazifunika, stima ikawa haba kuliko walivyotarajia, na kufika mwaka 2019 sehemu ya barabara hiyo ilikwisha kung'olewa. Funzo lake ni rahisi: mahali pa paneli ni juu ya paa, si chini ya gurudumu.

TUPIGE HESABU SISI WENYEWE

Ndugu zangu, mwenye kuuza kitu hupiga hesabu yake, na mwenye kununua apige yake. Tuanze na basi. Basi dogo la stima la abiria 25 lililoletwa na BasiGo lina betri ya yuniti 138, na kwa betri hiyo likijaa laweza kwenda kilomita 250 hivi. Wapo wanaouliza, kwa nini paneli zisiwekwe juu ya paa la basi lenyewe, jambo likaisha? Chukua basi la urefu wa mita saba na upana wa mita mbili. Hapo zitaenea paneli sita tu, kama kilowati tatu. Hapa Nairobi kilowati moja ya paneli, baada ya kuondoa upotevu, yatupa kama yuniti nne kwa siku ya kawaida. Kwa hiyo basi litakusanya yuniti 12 kwa siku nzima, chini ya sehemu moja ya kumi ya betri yake. Hiyo ni nguvu ya kulifikisha mjini kutoka Karen mara moja, lakini kurudi ni shida.

Ukitaka jua lijaze basi moja kila siku, unahitaji paneli kama 70 zenye wati 500 kila moja. Hizo zataka uwanja, na uwanja Karen ni wa wenye mali.

Sasa tugeukie pikipiki. Betri moja ya pikipiki ya Roam ina yuniti 3.24, nayo yampeleka mtu kilomita 75 hivi. Chukua banda moja la steji, lenye paa ya mita tano kwa kumi. Litachukua paneli 20 za wati 500, yaani kilowati 10. Kwa siku litatoa kama yuniti 40. Gawa mwenyewe: hizo ni betri 12 za pikipiki kila siku, kutoka katika paa moja ambayo pia itatukinga na mvua. Miezi ya Julai na Agosti, ambapo mawingu hufunika Karen tangu asubuhi, tutapata chini ya hapo, na hapo itabidi tuchukue stima ya Kenya Power kujaliza.

Sasa weka kibao cha bila waya katika banda hilo. Ukipoteza sehemu moja ya kumi, yuniti 40 zimekuwa 36, na betri 12 zimekuwa 11. Maana yake ni kwamba kila siku mwenzetu mmoja atakosa, kwa sababu tu hatukutaka kuchomeka waya. Pikipiki yenye betri ya kutolewa kwa mkono haihitaji anasa hiyo. Hutolewa betri iliyokwisha, ikawekwa iliyojaa, na kazi ikaendelea.

Je, kuchaji bila waya hakutufai kabisa? Sisemi hivyo. Kwa mabasi kuna akili ndani yake. Matatu zetu husimama steji zikingoja abiria wajae, kama mabasi ya Milton Keynes yalivyosimama mwisho wa safari. Dakika hizo ambazo makanga anaita abiria zingeweza kuwa dakika za kuchaji, wala hapana mtu wa kushika waya mzito mvuani, wala waya wa kuibiwa usiku. Lakini kwa hesabu tuliyopiga, nguvu za kazi hiyo zitatoka katika nyaya za Kenya Power kwanza, na jua litakuwa msaidizi. Atakayekuja kutuambia kwamba kibao kimoja na paneli chache zitaendesha matatu zote za Ngong Road, mwombe akuandikie yuniti zake katika karatasi.

TOFAUTI INAKWENDA MFUKO GANI?

Hapa ndipo penye moyo wa jambo. Mwezi wa Oktoba 2023 petroli Nairobi ilifika shs. 217.36 kwa lita. Pikipiki ya petroli ikienda kilomita 75 hunywa kama lita mbili. Hiyo ilikuwa zaidi ya shs. 430/-. Kilomita hizo hizo kwa stima ya yuniti 3.24, kwa bei ya shs. 16/-, ni shs. 52/-, na kwa bei ya usiku ni shs. 26/-. Ongeza kodi, ongeza ada, ongeza stima inayopotea katika kuchaji, bado hufiki hata nusu ya gharama ya petroli. Baadaye bei ya petroli ilishuka, lakini tofauti ilibaki kubwa.

Tofauti hiyo ni pesa halisi, na kila siku yako mkono unaoipokea. Ikiwa betri ni ya kampuni, na mahali pa kuibadilisha ni pa kampuni, basi bei ya kubadilisha ni ile ambayo kampuni itapenda. Leo itakuwa nafuu ili uiache petroli. Kesho, ukiisha kuuza pikipiki yako ya zamani, utafanya nini ikipanda? Mwenye petroli akipandisha bei, waweza kuvuka barabara ukaenda kwa jirani yake. Lakini betri ya kampuni moja haiingii katika pikipiki ya kampuni nyingine. Tena pikipiki nyingi za mkopo hufungwa chombo cha kuzizima kwa mbali. Ukichelewa kulipa siku moja, yaweza kulala pale pale ilipo, na abiria yuko nyuma yako.

Tuwe wa haki. Betri ni kitu cha thamani kubwa, nayo huchakaa mwaka hata mwaka. Aliyeinunua hana budi kurudishiwa pesa zake na faida ya kadiri. Hakuna mwanachama mwenye akili atakayekataa hilo. Tunalouliza ni kadiri gani, na kwa muda gani, na nani ameiona hesabu.

Wazee wetu wa uchukuzi wamepitia njia hii. Kenya Bus Service ilianza Nairobi mwaka 1934, na kwa miaka mingi barabara ilikuwa yake. Watu wadogo wakaanzisha matatu, wakikamatwa na kutozwa faini, mpaka mwaka 1973 Rais Kenyatta alipowaruhusu. Ilidhaniwa kwamba sasa mwananchi amepata mali yake. Imekuwaje? Gari likawa la mwenye gari, na dereva na makanga wakabaki na hesabu ya siku: peleka kiasi fulani jioni, kinachobaki ndicho chakula chako. Hakuna barua ya kazi, hakuna likizo, hakuna akiba ya uzee. Hata baadaye tulipoambiwa kila gari liwe ndani ya Sacco au kampuni, Sacco nyingi zikawa za wenye magari, si za wanaoyaendesha. Basi tunaposema leo ‘Sacco imiliki banda la jua’, tuseme wazi ni Sacco ya nani.

NA WATAKAOPOTEZA KAZI?

Hapana faida kufichana. Gari la stima halibadilishwi oili ya injini, halina plagi, halina kabureta, halina ekzosi. Kijana anayejaza petroli pale kituoni, fundi wa injini wa Dagoretti Corner, mwuza vipuri wa Kirinyaga Road, hao wote wana haki ya kuuliza watakula nini.

Jawabu si kuyapiga mawe magari hayo. Jawabu ni kuhakikisha kazi mpya zinawafikia wao kwanza. Paneli zataka kufungwa na kuoshwa vumbi. Betri zataka kupimwa na kutengenezwa. Mota, breki, taa na magurudumu bado ni yale yale ya kushikwa kwa mikono. Lakini sheria yataka fundi wa sola awe na leseni ya E.P.R.A., tangu kanuni za mwaka 2012, zenye madaraja ya T1, T2 na T3. Fundi wetu aliyejifunza chini ya mti, mwenye mikono ya dhahabu, hana karatasi hiyo. Asipoipata, kazi itachukuliwa na mgeni aliyetoka darasani jana, na yeye atakuwa mshika ngazi.

Pesa za mafunzo ziko. Kila tajiri hutozwa shs. 50/- kwa mwezi kwa kila mfanya kazi, kwa ajili ya mafunzo ya kazi chini ya N.I.T.A. Pesa hizo zimetoka katika jasho letu. Tuulize zimewafundisha wangapi kazi ya betri na sola.

Kwa miaka mingi fundi wa Kenya ameitwa ‘jua kali’, kwa kuwa hana paa juu ya kichwa chake. Jua limemchoma bila malipo. Ikiwa sasa jua limekuwa mali, ni haki gani itakayomfanya yeye awe wa mwisho kulipwa?

WANAOPINGA WASEMAVYO

Wako wenzetu wasemao, ‘Jambo hili ni la wakubwa, tungojee tuone.’ Ndugu zangu, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Steji yenye nafasi leo itakuwa na bango la kampuni kesho, na mkataba wa miaka mingi umekwisha kutiwa sahihi.

Wako wasemao, ‘Hatuna pesa.’ Ni kweli hatuna pesa nyingi. Lakini watu 12 wakiweka shs. 100/- kila mmoja kwa siku, kwa siku 300 za kazi, hiyo ni shs. 360,000/- kwa mwaka. Sisemi zitatosha kila kitu. Nasema mtu mwenye pesa hizo na daftari safi huzungumza na mkopeshaji akiwa ameketi kitini, si akiwa amesimama mlangoni.

Wako pia wasemao, ‘Jua huwaka mchana, na mchana tuko kazini.’ Hili ni neno la maana, lakini tazameni kazi yenyewe. Bodaboda wa Karen hukimbia asubuhi watu wakienda kazini, na tena jioni wakirudi. Katikati ya mchana, jua likiwa utosini, pikipiki zimepangwa mstari na wenyewe wanacheza drafti. Hakuna saa iliyo bora kuliko hiyo ya kuchaji. Na banda likiwa na betri zake za akiba, halitazimika siku Kenya Power ikizimika. Sote twakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipokatika karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza.

TUFANYE NINI

Natoa maoni haya yaletwe katika mkutano ujao, yajadiliwe na wanachama, yakosolewe, kisha yapigiwe kura:

1. Tuombe kwa maandishi kutoka Serikali ya Kaunti ya Nairobi, na kutoka kwa mamlaka za barabara, kiwanja cha banda moja la majaribio katika steji ya Karen. Barua ya kiwanja ipatikane kabla ya kununua hata msumari mmoja. Tumeona vibanda vingi vikibomolewa kando ya barabara kwa kukosa karatasi.

2. Banda hilo liwe mali ya Sacco ya waendeshaji wenyewe, mtu mmoja kura moja, na mita yake isomwe hadharani kila Jumamosi. Mafundi watatu wenye leseni walete bei zao, na bei zote zibandikwe ukutani.

3. Kampuni zenye betri ziambiwe zikubali mambo matatu katika mkataba: bei isipandishwe bila ilani, pikipiki isizimwe ikiwa na abiria njiani, na mwenye kumaliza mkopo apewe mali yake bila vikwazo. Serikali nayo idaiwe kanuni ya kuzilazimisha betri za kampuni zote kuingia katika pikipiki zote, kama balbu inavyoingia katika taa yo yote.

4. Chama kipeleke kwa N.I.T.A. orodha ya mafundi wetu wanaotaka kujifunza sola na betri, na wanaofanya kazi katika vituo vya petroli watangulie katika orodha hiyo.

5. Vibao vya kuchaji bila waya, vitakapoletwa kwa mabasi, visizikwe katika steji yo yote mpaka madereva, makanga na askari wa usiku wameelezwa hatari zake. Kipande cha chuma kikiachwa juu ya kibao kinachofanya kazi huweza kupata moto na kumchoma mtu. Vibao viwe na chombo cha kutambua chuma na kujizima chenyewe.

Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010 chatupa haki ya kuungana na kudai masharti mema ya kazi. Haki hiyo haikusema ni kwa gari la petroli peke yake.

Kampuni zinakutana, mabenki yanakutana, na wenye maduka makubwa wamekwisha kupima paa zao. Sisi nasi tukutane. Mwanachama atakayekuja mkutanoni aje na hesabu yake: hununua petroli ya kiasi gani kwa siku, husafiri kilomita ngapi, na jioni hubaki na nini. Tukiwa na hesabu hizo za watu hamsini tu, hakuna kampuni wala ofisi itakayotuambia kwamba hatujui tunalodai. Na atakayekaa nyumbani asije kulalamika baadaye juu ya bei ya betri, maana asiyekuwapo na lake halipo.

Mwanachama, Karen